Chama Kisichopanda Ndege

Leo nataka tuzungumze habari ya chama cha wafanyakazi, na najua ukisikia hivyo unaanza kuona Mei Mosi, bendi, na wazee wa suti wakimsomea Rais madai ya nyongeza ya mishahara. Usizime redio. Ninayemkusudia hajapata kuonekana kwenye gwaride la Mei Mosi. Yuko jikoni kwa watu huko Riyadh au Jeddah, saa saba za usiku, anasugua masufuria ya wageni waliokwisha kuondoka, na kibali chake cha kuishi nchini humo kimefungwa kwenye jina la mwenye nyumba.

Huyu tumemzoea. Hapa Mombasa, ukizunguka Kisauni, Likoni au Majengo, si kazi kumpata mtu mwenye dada, shangazi au binti aliyekwenda kufanya ushagala, yaani kazi za ndani, Uarabuni. Habari zake zikitufikia huwa ni mbili tu: ama ametuma pesa za kumalizia nyumba, ama amekwama na ndugu wanachangisha nauli ya kumrudisha. Tunamwita mtafutaji, tunamwombea dua. Kwamba ni mfanyakazi kama mfanyakazi wa bandarini au wa hotelini, mwenye haki ya kuwa na chama, hilo halitujii akilini.

Wakala naye halimjii. Ukiingia ofisini kwake na pasipoti mkononi, atakuuliza umri, uzito, dini, una watoto wangapi, unajua kupiga pasi na kupika au la. Atakupeleka ukapimwe damu, mapafu na mimba. Atakupiga picha, kichwa hadi miguu, ili familia ya kule ikuchague. Katika karatasi zote hizo hakuna mstari hata mmoja unaouliza: ukidhulumiwa, ni nani atakayesimama kwa niaba yako? Kuna namba ya simu ya ubalozi, ndiyo. Namba hiyo ni nzuri kwa mwenye simu.

Tusiwaonee Waarabu tukasema hawana sheria. Wanazo. Saudi Arabia ilitoa kanuni za wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2013: saa tisa za kupumzika kila siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, likizo ya mwezi mmoja yenye malipo baada ya miaka miwili. Tangu hapo imezipitia upya. Kuwait ilitunga sheria yake mwaka 2015, Qatar mwaka 2017, na ile ya Qatar inasema kazi isizidi saa kumi kwa siku. Ukizisoma utasema, basi, mambo yamekwisha. Kisha Amnesty International ikatoa ripoti mwaka 2025 baada ya kuzungumza na Wakenya zaidi ya 70 waliokuwa wamefanya kazi za ndani Saudi Arabia. Wengi walikuwa wakifanya kazi saa 16 na kupita kwa siku, bila siku ya kupumzika, kwa mshahara wa wastani wa riyali 900, kama dola 240 kwa mwezi.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mfilipino aliye nyumba ya pili, anayeosha sakafu ileile kwa dawa ileile, kwa miaka mingi alikuwa na kima cha chini cha dola 400. Kwa nini? Serikali yake iliweka kiwango hicho ikakisimamia, ikasema asiyeweza kulipa asichukue mtu wetu. Kwa hiyo bei ya jasho kule hupangwa kwa pasipoti. Anayelala njaa zaidi ni yule ambaye kwao hakuna aliyekaa mezani kumpigania bei. Na kukaa mezani kupigania bei ndiyo kazi ya chama cha wafanyakazi tangu dunia ijue kitu hicho.

Sasa, kule aliko, chama atakipata wapi? Saudi Arabia vyama vya wafanyakazi vimepigwa marufuku. Kuna kamati za wafanyakazi kwenye makampuni makubwa, nazo ni za raia. Qatar, kwa sheria yake ya kazi ya 2004, kamati za wafanyakazi ni za Waqatari, ilhali wageni ndio sehemu kubwa ya nguvukazi ya nchi. Kuwait ina vyama tangu miaka ya sitini, lakini mgeni anayeingia hapigi kura wala hapigiwi. Afadhali Bahrain, ambako sheria ya 2002 ilimfungulia mgeni mlango wa chama. Lakini mlango huo uko kwenye makampuni. Mwanamke aliyefungiwa ghorofa ya tatu ataufikaje?

Wapo waliojaribu peke yao. Mkenya Malcolm Bidali alikuwa bawabu Qatar, akaandika mtandaoni kwa jina la Noah juu ya vyumba walivyolala, mabasi waliyosafirishwa nayo, saa walizosimama juani. Mei 2021, mwaka mmoja na nusu kabla ya Kombe la Dunia, alikamatwa, akawekwa ndani karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Ninamheshimu sana kijana yule. Lakini mtu mmoja, hata awe jasiri namna gani, hukamatika kwa gari moja la polisi.

Beirut ndiko waliojaribu kwa pamoja, na kisa hiki nataka ukisikie vizuri. Sheria ya kazi ya Lebanon ni ya mwaka 1946. Kifungu cha 7 kinawatoa wafanyakazi wa nyumbani nje ya sheria nzima. Kifungu cha 92 kinamruhusu mgeni kujiunga na chama, ila hawezi kuchagua wala kuchaguliwa. Januari 2015 wanawake kama mia mbili, Waethiopia, Wafilipino, Wanepali, Wasri Lanka, walikusanyika Beirut wakiwa wamepewa mwavuli na shirikisho la vyama la huko liitwalo FENASOL, wakatangaza chama chao. Nchi ya Kiarabu ilikuwa haijawahi kuona jambo hilo. Waziri wa Kazi wa wakati ule, Sejaan Azzi, alisema ni kinyume cha sheria, na usajili haukutoka.

Walifikaje pale, watu waliofungiwa majumbani? Wanaowaandaa wanawake hawa wanasimulia kuwa mazungumzo mengi huanzia roshani kwa roshani. Huyu anaanika nguo, yule anafuta vumbi la zulia, wanatupiana neno. Mwenye ruhusa ya Jumapili anapeleka ujumbe kanisani, anarudi na jibu. Chama kilijengwa kwa vipande vya dakika tano tano.

Serikali haikuhitaji kuwapiga marungu. Mwishoni mwa 2016 wanawake wawili wa Kinepali waliokuwa mstari wa mbele walikamatwa, na mmoja wao akafukuzwa nchini kabla ya mwaka kwisha. Wengine wakaelewa. Maana mfanyakazi mwenyeji ukimwachisha kazi anarudi mtaani kwake, anakula kwa mama yake, kesho yuko kwenye mkutano tena. Mfanyakazi mgeni ukimwachisha kazi umemwondolea paa, kibali na nchi kwa mara moja. Huko ndiko mfumo wa kafala ulikoficha makali yake: kafili, yule mdhamini, anashika kazi yako na uhalali wako kwa mkono mmoja. Ukiikimbia nyumba unakuwa kemboi, unaishi kwa kujificha, na chama cha watu wanaojificha kitaitisha mkutano wapi?

Mbinu hii si ya Waarabu peke yao, wala si ngeni kwetu. Iliwahi kutumika Nairobi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927 akiwa kijana, mtoto wa mhamiaji aliyefungua kiwanda cha kupiga chapa. Mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Labour Trade Union of Kenya, iliyopanuka baadaye ikaitwa ya Afrika Mashariki. Vyama vya Wahindi vilikuwapo kabla yake. Chake kilisema mlango uko wazi kwa mfanyakazi wa rangi yoyote, na karatasi zake zilichapwa kwa lugha zaidi ya moja ili kila fundi asome. Mwaka 1937 kiliongoza mgomo wa karibu miezi miwili Nairobi na waajiri wakaongeza mishahara. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda East African Trade Unions Congress, Kubai rais, Singh katibu mkuu.

Wakoloni walimfanya nini? Kwanza walijaribu kumtimua nchini kama mhamiaji asiyetakiwa. Walimwendea kwenye kibali, vilevile kama Beirut. Mahakama ikamlinda. Aprili 1950, pale ukumbi wa Kaloleni, akasimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki yote. Mwezi uliofuata akakamatwa, akawekwa kizuizini huko kaskazini hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja. Huyo ni mhamiaji, msikilizaji, na vyama vyetu vya leo vimesimama juu ya msingi aliouchimba.

Na hapa kwetu Mombasa? Januari 1947 mji huu ulisimama kwa siku kumi na zaidi. Makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi na maboi wa majumbani, kiasi cha watu 15,000, waliacha kazi. Mikutano yao ilifanyika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Wengi walikuwa watu wa kuja: Waluo, Wakikuyu, Wakamba, wamepanga vyumba Majengo, mji hauwatambui ila kwa kipande. Chege Kibachia, aliyeiongoza African Workers' Federation, hakuwa mzawa wa pwani. Mwezi Agosti mwaka ule ule wakamkamata wakampeleka Baringo. Natumaini unaona ninakokwenda. Mgomo uliowalazimisha wakoloni kuunda baraza la kuamua mishahara mjini hapa ulifanywa na wageni wa mji, na wapishi wa majumbani walikuwamo. Ati mfanyakazi wa nyumbani hawezi kuingia chama! Wazazi wetu walimwona kiwanjani.

Nilizungumza na dada mmoja aliyerudi kutoka Dammam. Jina silitaji kwa sababu mdogo wake bado yuko kule. Aliniambia kitu ambacho sijakisoma kwenye ripoti yoyote. Nafasi yake pekee ya kutoka nje ilikuwa kupeleka taka usiku, baada ya isha. Kwenye pipa walikutana watatu: yeye, Mganda mmoja na Mwindonesia. Kiarabu chao kilikuwa cha kuokotaokota, lakini hesabu walizielewa. Kila mmoja alitaja mshahara wake kwa vidole. Ndipo alipogundua kuwa Mwindonesia anapata karibu mara moja na nusu ya wake, na analipwa kwa benki, si kwa bahasha inayocheleweshwa miezi miwili. Usiku wa pili alimwambia madamu kwamba naye anataka alipwe kwa benki. Wiki ile ile kazi ya kutoa taka akapewa dereva.

Madamu yule hajasoma nadharia ya vyama vya wafanyakazi, lakini aliufahamu mkutano alipouona.

Haya, tufanye nini? Kupiga marufuku safari tumekwisha kujaribu. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala zaidi ya 900 na kuzuia safari za Mashariki ya Kati. Wasichana wakapitia njia za panya, wengine Uganda, wengine Tanzania, wakafika kule hata bila mkataba wa kuonyesha. Marufuku humwondolea mfanyakazi karatasi, hamwondolei njaa iliyompandisha ndege.

Maoni yangu ni kwamba chama lazima kianze kabla ya ndege, na kibaki huku. Kafili ana nguvu juu ya kibali chako Riyadh. Hana nguvu yoyote juu ya ofisi ya chama iliyoko Mombasa. Mapatano yanayokupeleka kwake yanapitia kwa wakala, na wakala ana duka hapa, ana leseni ya hapa, ana watoto shule za hapa. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 ina sehemu nzima juu ya mikataba ya kazi za nje: mkataba uthibitishwe na afisa wa kazi, na mwajiri au wakala wake aweke dhamana. Huo ni mkono wa kushikia. Aliye peke yake ameushika mara ngapi? Anasaini saa mbili kabla ya safari, mzigo uko mgongoni.

KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, shule na hospitali, kimekuwa kikiwafundisha wasichana wa Mombasa na Nairobi kabla ya kusafiri na kuwapokea wengine wanaporudi na madai. Nawapa heshima yao. Ila kuna kizingiti ambacho wazee wa vyama hawapendi kukizungumza, nacho ni ada. Nchini Kenya ada ya chama hukatwa na mwajiri kwenye mshahara kwa agizo la waziri, inaingia benki, mwisho wa mwezi kila katibu anajua ana watu wangapi. Ni mpango mzuri kwa kiwanda cha watu 500. Kafili wa Jeddah hatakata ada ya chama cha Mombasa hata umwombe kwa Kurani. Kwa hiyo shagala, kwa hesabu za vyama vyetu, haonekani, na asiyeonekana kwenye vitabu hapewi afisa wa kumshughulikia.

Lakini shagala huyo huyo hutuma pesa nyumbani kwa simu, mwezi baada ya mwezi. Anaweza kulipa ada yake mwenyewe, au mama yake akamlipia kwa M-Pesa. Shirikisho la Nepal, GEFONT, liliona mapema kwamba watu wake wako Ghuba, likaunda vikundi vya msaada huko huko, visivyojiita chama mahali ambapo chama ni kosa. Vikundi hivyo tunavyo tayari. Ziko jumbe za sauti za WhatsApp zinazozunguka usiku kucha kutoka Riyadh hadi Buruburu: fulani yuko hospitali, fulani amenyimwa chakula, nyumba fulani msiingie. Agosti 2020, baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut, wanawake wa Kikenya walilala nje ya ofisi ya ubalozi wetu mdogo kule, wakitaka warudishwe nyumbani. Hakuna aliyewasajili wala aliyewapigia kura. Walifahamiana kwa simu. Kinachokosekana ni mtu wa huku mwenye ofisi, wakili na barua yenye mhuri, wa kupokea jumbe hizo saa nne asubuhi na kwenda nazo kwa wakala saa tano.

Nikiwa bado na dakika, nikuulize na wewe unayenisikiliza huku binti anakupigia deki. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Mombasa, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, kilifika shilingi 16,113 na senti. Wewe unampa ngapi? Na kama ametoka Uganda au Burundi, usiseme hana haki kwa kuwa ni mgeni. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu kinasema kila mfanyakazi ana haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Kila mfanyakazi, raia hakutajwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayofanya kazi tangu Julai 2010, nayo inampa Mrundi aliyekuja kazini Kenya uhuru wa kujiunga na chama na kujadiliana mishahara. Tunadai Riyadh wampe binti yetu kitu ambacho sisi hatumpi binti wa wenzetu. Wasaudi wakituuliza, tutajibu nini?

Sheria inataka chama kipate wingi wa wafanyakazi wa mahali pa kazi ndipo mwajiri akitambue. Nyumbani kwako mahali pa kazi pana mfanyakazi mmoja. Akijiunga yeye, wingi umetimia, asilimia mia. Ningependa kumwona mwajiri akikataa kura hiyo mahakamani.

Na jambo la mwisho ni kwa akina dada mliorudi, mnaonisikiliza mkiwa kwenye vibanda vyenu vya mahamri na saluni. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inasema kiongozi wa chama awe mtu anayefanya kazi katika sekta ile, au aliyewahi kuifanya. Aliyewahi kuifanya. Miaka yenu ya Dammam na Doha inahesabika. Vyama huchagua viongozi kila baada ya miaka mitano, kuanzia matawini, na fomu za kugombea hazilipiwi kwa wakala. Kata kadi kwanza, lipa ada, kisha ulizia tawi lenu linapiga kura lini.